Pikapu ya Marehemu Baba: Tuitengeneze Hadi Wapi?



Somo letu la leo lahusu jambo linaloingia katika nyumba nyingi baada ya matanga. Tuseme baba mzazi amefariki na kuacha pikapu kuukuu, Peugeot 504. Imesimama chini ya mti, magurudumu yameishiwa upepo, na kuku wanataga ndani yake. Mume asema, "Nitaifufua iwe kama siku ile Mzee alipoileta nyumbani." Mke anyamaza, maana moyoni anahesabu karo ya Januari. Hakuna mkosaji hapa. Lakini wasipoketi pamoja, gari hilo laweza kumaliza akiba na kuwagawanya.

1. Je, ni mali yenu?

Msinunue hata plagi moja kabla ya kujibu swali hili. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura 160, kifungu cha 45, yakataza mtu kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Tena, pikapu iliyokuwa ya kazi ya marehemu haihesabiwi pamoja na vyombo vya nyumbani. Ni sehemu ya urithi, na mama mjane, ndugu na dada wote wana neno juu yake. Mkubaliane nao, mpate hati za mahakama, kisha mbadilishe jina katika logbuku kwa njia ya NTSA. Mtu akitia pesa zake katika gari ambalo bado lina jina la marehemu, anapanda mbegu ya kesi.

2. Semeni yaliyo moyoni

Mara nyingi mume hazungumzi juu ya gari. Anazungumza juu ya baba yake. Katika kiti kile ndipo alipofundishwa kushika usukani. Mke mwenye hekima hataiita pikapu hiyo "vyuma chakavu" mbele yake. Mume naye asiseme, "Wewe hukumpenda Mzee," kwa sababu mke ameuliza bei. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wa Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwahimiza wana ndoa watengeneze nafasi ya kusikilizana kwa uvumilivu mpaka mwenzako amalize yote aliyo nayo. Basi, usiku mmoja, watoto wakishalala, kila mmoja aseme na mwingine asikilize bila kumkatiza.

3. Itatufanyia kazi gani?

Kutengeneza kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni usalama: breki, stelingi, magurudumu, taa na mikanda. Ya pili ni kazi: injini, klachi, springi na kitanda cha kubebea mizigo. Ya tatu ni urembo: kunyoosha bodi, rangi mpya, viti na mapambo. Ngazi ya kwanza haina mjadala kwa gari litakalotoka barabarani. Ya pili hutegemea mzigo mlio nao. Ikiwa mwauza maziwa au mboga, hesabuni nauli mnayolipa kwa pikapu ya kukodi mwaka mzima, mlinganishe na gharama ya matengenezo. Msisahau bima, ambayo ni lazima, na ukaguzi wa kila mwaka kwa gari la biashara. Ngazi ya tatu ingoje mpaka pikapu yenyewe ilete pesa za rangi.

4. Fundi aangalie nini kwanza?

Aanze chini. Achukue bisibisi agonge chesisi na sakafu. Kutu ya juu husuguliwa, lakini bisibisi ikizama mahali springi zinaposhikwa, simamisheni mipango yote mpaka mjue gharama ya kuchomelea. Kisha injini. Moshi wa buluu maana yake inachoma oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yanaingia, na yaelekea gasketi ya hedi imekwisha.

Peugeot 504 ina bahati yake. Ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kwa miaka mingi iliunganishwa Mombasa, hivyo mafundi wengi wa jua kali waijua vizuri. Katika injini yake ya petroli, silivu za silinda huchopolewa. Fundi aweza kubadilisha silivu na pistoni bila kuchonga bloku. Injini iliyochoka, basi, si sababu ya kukata tamaa. Chesisi iliyooza ndiyo ya kuogopa.

5. Wekeni mpaka kabla ya kufungua boliti

Katika Luka 14:28, Bwana Yesu asimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nanyi ketini. Fundi akikadiria shilingi 60,000, wekeni 80,000 katika hesabu, kwa maana kuna ubovu usioonekana mpaka gari lifunguliwe. Andikeni kiasi ambacho hamtakipita. Karo, chakula na dawa zisiguswe. Atakayetaka kupita mpaka huo arudi kwa mwenzake kwanza, si kwa fundi. Wekeni daftari moja ambalo wote wawili wanalisoma, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kama hesabu inakataa? Kuuza si dhambi. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na haitaji rangi ya gari. Mtoto akisomeshwa kwa pesa za pikapu ile, babu yake ameheshimiwa. Ombeni Misa kwa ajili ya roho yake, na mkipenda, wekeni usukani wake ukutani.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili:

(a) Pikapu hii yatukumbusha nini, na yatusaidia nini?
(b) Mama na ndugu wamekubali?
(c) Tutasimama katika ngazi gani, na kwa shilingi ngapi?

Mungu azibariki familia zenu.