Picha Moja, Picha Tatu: Somo la Chaneli za Rangi kwa Anayeanza

Wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa shule ambazo printa ya rangi haipo. Iliyopo ni mashine ya fotokopi, na pengine hata hiyo iko stesheneri ya mjini, siyo shuleni. Picha yoyote utakayotaka mwanafunzi aione kwenye karatasi itamfikia ikiwa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo somo la chaneli za rangi lisiachiwe wapiga picha na watengeneza matangazo peke yao. Linamhusu kila mwalimu anayetunga mtihani wenye picha.

Kama tunavyofundishwa kwenye andalio la somo, tuanze na malengo. Ukimaliza kusoma, uweze kueleza chaneli ni nini, uweze kuzitazama moja moja kwenye programu ya kuhariri picha, na uweze kuchagua chaneli inayofaa kabla hujapeleka kazi kwenye kopi.

Swali lililopotea kwenye kijivu

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha wilayani Muleba, nilipewa nisahihishe jaribio la Jiografia lililokuwa limeshafanywa kabla sijafika. Swali moja lilikuwa na picha ya mti wa kahawa. Mwanafunzi alitakiwa ataje ushahidi kutoka kwenye picha kwamba zao liko tayari kuvunwa. Jibu lilikuwa rahisi: matunda yameiva, ni mekundu. Lakini kwenye karatasi hapakuwa na wekundu wowote. Matunda na majani vilikuwa na kijivu kile kile, mti mzima ukaonekana kama kichaka.

Sasa fikiria wanaofanya mtihani huo ni nani. Ni watoto wa kibanja. Kahawa iko chini ya migomba nyumbani kwao, wameichuma kabla hawajajua kusoma. Wengine waliandika habari za majani, wengine wakaacha wazi. Alama zikaenda. Mimi nasema pale hawakushindwa wao, ilishindwa karatasi. Na sababu ya karatasi kushindwa inaelezeka kwa hesabu ndogo tu, ila kwanza tuijue chaneli.

Chaneli ni nini?

Picha unayoiona kwenye simu au kompyuta imejengwa kwa vinukta vidogo vinavyoitwa pikseli. Kila pikseli inabeba namba tatu: kiasi cha mwanga mwekundu, kiasi cha mwanga wa kijani, na kiasi cha mwanga wa bluu. Kwa picha za kawaida kila namba huanzia 0 hadi 255. Sifuri maana yake mwanga huo haupo kabisa, na 255 maana yake umewashwa wote. Hivyo kila rangi ina ngazi 256, na ukizichanganya zote tatu unapata rangi 16,777,216.

Ukikusanya namba zote za nyekundu peke yake, ukazipanga mahali pake, unapata picha kamili ya kijivu: palipo na wekundu mwingi panakuwa peupe, palipo na kidogo panakuwa peusi. Hiyo ndiyo chaneli nyekundu. Fanya hivyo kwa kijani na kwa bluu. Yaani picha moja ya rangi ni picha tatu za kijivu zilizolaliana.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1861, huko London, mwanafizikia James Clerk Maxwell alionesha picha ya utepe wa rangi. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga mara tatu, kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha bluu. Picha hizo tatu ziliangazwa ukutani kwa pamoja, kila moja kupitia kichujio chake, na rangi zikarudi. Kamera ya simu yako leo hufuata njia hiyo hiyo: juu ya kihisi chake kuna vichujio vidogo sana. Katika mpangilio aliouvumbua Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976, nusu ya vichujio ni vya kijani, robo vyekundu na robo vya bluu.

Hapa wanaoanza hujikwaa kwenye njano. Shuleni tulichanganya rangi za maji, tukaambiwa rangi za msingi ni nyekundu, njano na bluu. Kwenye mwanga sivyo. Mwanga mwekundu ukijumlishwa na wa kijani unatoa njano. Piga picha ya ndizi mbivu halafu usome namba zake: nyekundu iko juu, kijani iko juu, bluu iko chini. Ndiyo maana ndizi mbivu kwenye chaneli ya bluu inaonekana nyeusi kama imeungua.

Kwa nini kahawa ilipotea?

Programu inapogeuza picha ya rangi kuwa ya kijivu, njia ya kawaida haigawi sawasawa. Jicho la binadamu huona kijani kuwa na mng'ao zaidi, na bluu kidogo sana. Kwa hiyo hesabu inayotumika sana huchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, asilimia 59 ya kijani na asilimia 11 ya bluu, kisha hujumlisha.

Tuchukue mfano. Tunda lililoiva lina nyekundu 180, kijani 40, bluu 45. Jani lina nyekundu 60, kijani 105, bluu 35. Piga hesabu:

Tunda: 54 + 23.6 + 4.95 = karibu 83.
Jani: 18 + 61.95 + 3.85 = karibu 84.

Umeona? Rangi mbili ambazo hata mtoto mdogo anazitofautisha zimeishia kwenye 83 na 84. Hakuna jicho litakalozitenganisha, na mashine ya kopi ndiyo kabisa.

Sasa acha kujumlisha, tazama chaneli moja moja. Kwenye nyekundu, tunda ni 180 na jani ni 60: matunda yanang'aa meupe juu ya majani meusi. Kwenye kijani, tunda ni 40 na jani ni 105: yanaonekana bado, ila kinyume chake, matunda meusi juu ya majani mepesi. Kwenye bluu ni 45 na 35, hapo hakuna cha kuona. Kwa hiyo mwalimu aliyetaka wanafunzi wayaone matunda angechukua chaneli nyekundu, akatoa kopi, akaongeza maelezo chini ya picha kwamba sehemu nyeupe ni matunda mekundu. Au angeuliza swali lingine.

Tuingie kwenye programu

Nitatumia GIMP kwa sababu ni programu huria, haina malipo, na ilianzishwa na wanafunzi kama sisi: Spencer Kimball na Peter Mattis, wakiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1995. Menyu nitaziandika kama zinavyosomeka kwenye toleo la Kiingereza.

Kwanza, fungua picha. Nenda "Windows", kisha "Dockable Dialogs", kisha "Channels". Utaona mistari mitatu: nyekundu, kijani, bluu. Kila mmoja una alama ya jicho. Zima jicho la kijani na la bluu. Picha itageuka nyekundu yote, usishtuke: GIMP inakuonesha chaneli hiyo kwa rangi yake.

Pili, ili uione kwa kijivu, washa macho yote, kisha nenda "Colors", "Components", "Decompose", uchague RGB. Itafunguka picha mpya yenye tabaka tatu za kijivu, kila tabaka ni chaneli moja. Zilinganishe. Ukipata inayofaa, ficha nyingine na uihifadhi kwa "Export As".

Tatu, ukitaka mchanganyiko wako mwenyewe, tumia "Mono Mixer" iliyo kwenye "Components" hapo hapo. Ina vitelezi vitatu. Weka nyekundu kwenye 1 na nyingine kwenye 0, utapata chaneli nyekundu tupu. Ukiona imezidi ukali, punguza nyekundu na uongeze kijani kidogo kidogo.

Angalizo: kwenye orodha ya chaneli, usibofye jina la chaneli ovyo. Ukibofya unaiondoa kwenye kazi, na kila utakachochora baadaye kitagusa zilizobaki tu. Rangi zitakuwa za ajabu na hutajua zimetoka wapi. Hakikisha zote tatu zimechaguliwa.

Huna kompyuta? Kwenye simu, Snapseed ina sehemu ya kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe yenye vichujio vya rangi. Kichujio chekundu hufanya kazi inayokaribiana na chaneli nyekundu.

Matumizi mengine ya hapa hapa

Sura zetu. Wakati wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, mabango ya fotokopi hujaa ukutani na mgombea haonekani, ni doa jeusi lenye meno. Ngozi nyeusi ina wekundu mwingi kuliko inavyodhaniwa. Mfano, ngozi yenye nyekundu 110, kijani 70 na bluu 50 ikigeuzwa kwa njia ya kawaida inapata karibu 80. Kwenye chaneli nyekundu inabaki 110. Tofauti hiyo ndiyo inayorudisha mashavu, pua na macho ya mtu kwenye karatasi. Nasema hivi na kwa picha za vitabuni: kumwonesha mwanafunzi kiongozi wa Kiafrika asiye na uso si jambo dogo.

Karatasi za zamani. Una mtihani uliopita, umejaa vema na mikato ya kalamu nyekundu? Upige picha, chukua chaneli nyekundu. Wino mwekundu una nyekundu nyingi karibu sawa na karatasi nyeupe, kwa hiyo unafifia, na maandishi meusi yanabaki. Ni njia nzuri ya kupata maswali safi ya kujisomea. Isitumike kufuta alama au mihuri kwenye nyaraka za watu, hilo ni kosa jingine.

Mandhari. Ukipiga picha ya Ziwa Nyanza ukiwa Bukoba, anga la bluu kwenye chaneli nyekundu linakuwa jeusi na mawingu yanasimama wazi. Chaneli hiyo pia hupunguza ukungu wa mbali, kwa sababu ukungu mwembamba hutawanya zaidi mwanga wa bluu. Mapaa mekundu ya mabati na udongo wetu mwekundu navyo vinakuwa vyepesi kwenye chaneli hiyo. Picha ya kufundishia makazi inasomeka vizuri zaidi.

Nembo yenye sanduku jeupe. Hii inahusu chaneli ya nne, alfa, ambayo haibebi rangi bali inabeba uwazi: wapi picha ionekane na wapi ipitishe kilicho nyuma. JPEG haina alfa. Ukihifadhi nembo ya chama kwa JPEG, lile sanduku jeupe litakufuata kwenye kila bango. Hifadhi kwa PNG.

Zoezi

1. Tafuta senene wa kijani na wa kahawia, au picha yao. Kabla hujafungua programu, bashiri ni chaneli gani itawatenganisha zaidi. Kisha hakiki.
2. Piga picha ya ndizi mbivu na mbichi pamoja. Eleza kwa namba kwa nini chaneli ya kijani si chaguo la kwanza.
3. Chukua swali lolote lenye picha ulilowahi kulitunga au kulikuta. Ligeuze kuwa la kijivu kwa njia ya kawaida, umpe mwenzako ambaye hajaiona picha ya rangi. Akishindwa kujibu kwa sababu haoni, badilisha chaneli au badilisha swali.

Hilo zoezi la tatu naomba liwe desturi. Sisi watunga mitihani hutazama picha kwenye kioo chenye rangi zote, halafu tunamsahihisha mtu aliyeona karatasi ya kijivu. Kabla ya kutoa kopi themanini, toa moja, iweke mezani, ujifanye wewe ndiye mtahiniwa.