Mtaro umeziba, watoto wanaharisha

*Daktari, mtaro wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam umejaa chupa za plastiki. Mvua ikinyesha maji machafu yanaingia hadi uani, na watoto hawaishi kuharisha. Tufanyeje? Mama J.*

Mama J., una haki ya kuhofu. Marufuku ya Tanzania ya mwaka 2019 ilihusu mifuko ya plastiki, si chupa, ndiyo maana chupa bado zinajaa mitaroni. Zikiziba mtaro, maji ya vyoo hufurika na kuingia visimani. Chemsheni maji ya kunywa, na mwageni yanayotuama kwenye makopo: humo huzaliana mbu wa dengue. Kupitia mwenyekiti wa mtaa, ibaneni halmashauri izibue mitaro kabla ya masika na itenge kituo cha chupa, waokotaji waziuze kwa kilo. Mtoto akiharisha majimaji, mpe ORS na mwahishe zahanati siku hiyohiyo.