Aliyetiwa hatiani, je, atuongoze?

Somo la robo hii linafaa kusomwa kwa pamoja, iwe ni katika kikundi cha akina mama, VICOBA au kamati ya maji. Tunauliza: mtu aliyewahi kutiwa hatiani na mahakama, je, apewe uongozi wa umma? Wengi wetu hujibu haraka haraka. Tunaomba tusiharakishe.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 67, haimzuii kila aliyepita gerezani kugombea ubunge. Inamzuia aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Inamzuia pia aliyefungwa kwa kosa la namna hiyo ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu, na aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika muda kama huo. Angalieni maneno hayo, "utovu wa uaminifu". Katiba inataka kujua mtu alifungwa kwa kosa gani.

Historia ya Upare inatusaidia kuielewa tofauti hiyo. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakakusanyika Same kupinga kodi ya mbiru. Kwa macho ya wakoloni walikuwa wavunja sheria, tena sheria ya kodi! Lakini nani leo anawaita wezi? Mwalimu Nyerere naye alitiwa hatiani mwaka 1958 kwa kosa la kashfa, akalipa faini, na mwaka 1961 akawa Waziri Mkuu.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi. Daniel Yona alikuwa mbunge wa Same Mashariki hadi mwaka 2005, na waziri wa Nishati na Madini. Mwaka 2008 yeye na Basil Mramba, mbunge wa Rombo aliyewahi kuwa waziri wa Fedha, walishtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Kiini chake kilikuwa msamaha wa kodi kwa kampuni ya kukagua dhahabu. Hawakushtakiwa kwa wizi. Julai 2015 mahakama ya Kisutu iliwahukumu kifungo cha miaka mitatu, na Mahakama Kuu ikakipunguza kuwa miwili. Februari 2016 walitolewa gerezani ili wamalizie adhabu kwa kufanya usafi hospitalini Sinza, Dar es Salaam. Mshtakiwa wa tatu, Gray Mgonja, aliyekuwa katibu mkuu Hazina, aliachiwa huru.

Kesi hiyo ilichukua karibu miaka saba. Katikati yake, mwaka 2010, Mramba aligombea tena Rombo, na sheria haikumzuia kwa sababu alikuwa bado hajahukumiwa. Wananchi wakamchagua mwingine. Kwa maoni yetu ndivyo inavyopaswa kuwa: mahakama iamue hatia, na mpiga kura aamue imani yake. Tusizichanganye kazi hizo mbili. Angehukumiwa kwa minong'ono ya vijiweni, Mgonja asingepona.

Wengine watasema, mbona tunafundishwa kusamehe? Ni kweli. Lakini kusamehe ni jambo moja, na kumkabidhi mtu ufunguo wa sanduku ni jambo jingine. Zakayo alisamehewa, naye mwenyewe akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hatusomi kwamba aliomba cheo kikubwa zaidi.

Kwa majadiliano: Kiongozi asiyeiba, lakini aliyetumia cheo vibaya hadi Serikali ikapata hasara, je, huo nao ni utovu wa uaminifu? Miaka mitano inatosha kumpima mtu aliyebadilika? Na katika kikundi chenu, mweka hazina aliyekula fedha kisha akazirudisha zote, katiba yenu inasemaje juu yake? Kama haisemi kitu, anzeni hapo.