Neva za Miguu na Virusi vya UKIMWI: Kwa Nini Maumivu Huanzia Vidoleni?

Mtu aishiye na virusi vya UKIMWI huweza kufika kliniki akiwa na uzito mzuri, kikohozi kimekwisha na damu yake haionyeshi tena virusi, na bado akalalamika kwamba nyayo zinamwaka moto kama aliyekanyaga mchanga wa adhuhuri. Usiku hawezi kuvumilia hata shuka kugusa vidole. Lakini mtu huyohuyo akikanyaga msumari huenda asitambue mpaka aione damu sakafuni. Maumivu na ganzi katika mguu mmoja, tena kwa wakati mmoja: mambo haya mawili yanaonekana kupingana. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini hayapingani, na kwa nini ugonjwa huu huanzia vidole vya miguu badala ya mahali pengine popote.

Kwanza tusafishe neno. Kiswahili kimelibebesha neno "mshipa" mzigo mkubwa: kuna mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na mshipa ule wa wanaume unaohitaji upasuaji. Mgonjwa asemaye "mishipa inaniuma" huweza kueleweka vibaya na mpokezi wake. Hapa tutatumia neno neva, na maana yake ni fungu la nyuzi zinazopeleka habari kati ya mwili kwa upande mmoja na uti wa mgongo na ubongo kwa upande mwingine.

Kila uzi katika fungu hilo ni sehemu ya chembe moja hai. Kiini cha chembe inayohisi kidole gumba cha mguu hakipo mguuni hata kidogo. Kimo kiunoni, katika kifundo kidogo kando ya uti wa mgongo. Kutoka hapo chembe hutoa mkono mwembamba uitwao akzoni, ambao hushuka pajani, gotini na wayoni mpaka ncha ya kidole, umbali wa takriban meta 1. Kiwiliwili cha chembe hiyo chaweza kuwa na upana wa sehemu 5 za mia za milimeta. Kama tungekikuza mpaka kilingane na ndimu ya upana wa sentimeta 5, mkono wake ungefika kilometa 1. Ndimu moja, basi, inatakiwa kuulisha na kuukarabati uzi wa kilometa nzima.

Kazi hiyo hufanywa kwa usafirishaji. Karibu protini zote za akzoni hutengenezwa kiunoni, kisha huteremshwa ndani ya uzi wenyewe. Mizigo ya haraka husafiri kiasi cha milimeta 400 kwa siku, hivyo hufika kidoleni baada ya siku mbili na nusu. Mizigo ya polepole husafiri milimeta 1 tu au chache zaidi kwa siku; kwa mwendo wa milimeta 1, safari yake huchukua siku 1000, yaani karibu miaka mitatu. Mwalimu anayetaka darasa lielewe maana ya ncha ya mwisho ya neva aanze na hesabu hii. Lolote linalopunguza nguvu ya chembe litaonekana kwanza mahali palipo mbali kuliko pote, kama maji ya bomba yanavyokatika kwanza katika nyumba ya mwisho ya mtaa.

Ndiyo sababu ganzi huanza vidoleni, ikapanda nyayoni, kisha vifundoni, miguu yote miwili kwa pamoja, kama mtu avaaye soksi. Mikono huguswa baadaye, kwa kawaida pale ugonjwa unapokaribia magoti, kwa kuwa umbali wa kutoka uti wa mgongo hadi huko unakaribia ule wa kufika vidole vya mkono. Watafiti waliowapima wagonjwa wa Melbourne, Kuala Lumpur na Jakarta, na kutoa matokeo yao mwaka 2009, walikuta jambo linaloafikiana na hesabu yetu: miongoni mwa waliotumia dawa ya stavudini, hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliofikia umri wa miaka 40 na kwa wenye kimo cha sentimeta 170 au zaidi. Kurefuka kwa mtu ni kurefuka kwa neva zake.

Je, ni nini kinachoipunguza nguvu chembe hiyo? Kuna wakosaji wawili. Wa kwanza ni kirusi chenyewe. Msomaji asidhani kwamba kirusi huingia ndani ya chembe ya neva na kuzaliana humo kama afanyavyo katika chembe nyeupe za damu. Hudhuru kwa njia ya kuzunguka: huambukiza chembe-walaji zilizo jirani na neva, nazo humwaga kemikali za uvimbe, aidha protini ya ganda lake iitwayo gp120 ni sumu kwa neva. Kabla ya matibabu ya leo kuenea, maumivu ya nyayo yalikuwa hasa dalili ya ugonjwa uliokwisha kukomaa.

Mkosaji wa pili alikuja katika chupa ya vidonge, na habari zake zinahitaji maelezo marefu zaidi. Stavudini ilitengenezwa kwanza katika miaka ya 1960 na mkemia Jerome Horwitz wa Marekani, aliyekuwa akitafuta dawa ya saratani. Baadaye William Prusoff na Tai-shun Lin wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba inazuia virusi vya UKIMWI, na mwaka 1994 ikaidhinishwa nchini Marekani. Kazi yake ni udanganyifu. Kirusi hunakili habari zake za urithi kwa kuunga tungo la DNA kipande baada ya kipande, kama mtu atungaye shanga. Stavudini inafanana na mojawapo ya shanga hizo, ila haina tundu la upande wa pili. Ikishatungwa, hakuna ushanga mwingine unaoweza kufuata, na tungo hukatika hapo.

Kimeng'enya kinachonakili DNA katika kiini cha chembe zetu hakidanganyiki kwa urahisi. Lakini mitokondria, zile tanuri ndogo zinazoipatia chembe nishati, zina DNA yao wenyewe, yenye jeni 37 tu, na kimeng'enya chao cha kunakilia hukubali ushanga huo wa uongo. Mitokondria zikaharibika, nishati ikapungua. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins waliochunguza neva za marehemu waliokuwa na ugonjwa huu walikuta kasoro za DNA ya mitokondria zikiwa nyingi zaidi upande wa kifundo cha mguu kuliko karibu na uti wa mgongo. Zilizofika mbali zilikuwa zimechakaa zaidi.

Tanzania iligundua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mkoani Kagera mwaka 1983, na ugawaji wa dawa bila malipo ulianza mwaka 2004. Stavudini ilikuwamo katika mseto wa mwanzo kwa sababu ilikuwa rahisi, iliunganishwa na dawa nyingine katika kidonge kimoja, na haikuhitaji vipimo vingi. Kwa maoni yangu si haki kuwalaumu walioichagua. Waliokuwa wakifa walikuwa wengi, na dawa hiyo iliwainua vitandani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua, na dawa zinazotumiwa leo, kama tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, hazina madhara hayo kwa neva. Hata hivyo wapo waliobaki na nyayo zinazowaka, maana uzi uliokufa huota upya kwa kasi isiyozidi sana milimeta 1 kwa siku, na mara nyingi hauoti kabisa.

Sasa twaweza kurudi kwenye lile fumbo la mwanzo. Nyuzi zilizokufa hazileti habari, na hiyo ndiyo ganzi. Nyuzi nyembamba zilizojeruhiwa bila kufa hutuma ishara zenyewe pasipo kuguswa na kitu chochote, na uti wa mgongo, ukisikia kelele hizo siku nyingi, huzizidisha badala ya kuzizoea. Ubongo hauna njia ya kujua kwamba ujumbe ni wa uongo. Husema tu kwamba mguu unaungua.

Si kila ganzi ya mtu mwenye VVU hutokana na VVU. Kisukari, pombe na upungufu wa vitamini B12 huweza kuleta dalili zilezile. Isoniazidi, dawa ya kutibu na kukinga kifua kikuu, huipokonya mwili vitamini B6, hasa kwa watu ambao kwa kurithi huivunja dawa hiyo polepole. Kwa hiyo wagonjwa hupewa pia piridoksini, ambayo ndiyo vitamini B6 yenyewe. (Ajabu ni kwamba vitamini hiyo ikizidi mno huharibu neva vilevile, basi isinunuliwe kiholela.) Mwenye dalili na aende kwa mganga wa kliniki akaeleze, wala asiache dawa za VVU kwa shauri lake mwenyewe, kwani kirusi kikiachiwa huru ndicho mkosaji wa kwanza tuliyemtaja. Na aliyekwisha kupoteza hisia atazame nyayo zake kila jioni, akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, na ajaribu joto la maji kwa kiwiko.

Kupunguza maumivu kumekuwa kugumu kuliko ilivyotarajiwa. Amitriptilini, dawa itumiwayo sana kwa maumivu ya neva, ilijaribiwa Marekani na matokeo kutolewa mwaka 1998, kisha Afrika Kusini, matokeo yakatoka mwaka 2015. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu vidonge vya sura ileile visivyo na dawa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu hizo hazikutofautiana. Bila kundi la pili, kila mtu angeapa kwamba dawa imefanya kazi.

Zoezi. Darasa lipime, kwa mwanafunzi mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote, umbali kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu. Ukokotolewe muda ambao ujumbe wa mguso, uendao meta 50 kwa sekunde, na ule wa maumivu ya kuungua, uendao meta 1 kwa sekunde, hutumia kufika mgongoni. Kisha wanafunzi waeleze kwa nini ajikwaaye huhisi kwanza mgongano na maumivu ya kuwaka baadaye kidogo. Mwisho wafikiri juu ya ukoma, ambao pia huua neva: bakteria wake hustawi katika sehemu za mwili zilizo na ubaridi kidogo. Je, ganzi ya ukoma itafuata kanuni ya urefu, au itaanza pia masikioni, usoni na kwenye viwiko?