Uhuru wa Kusema na Mpaka Wake

Limekuwa jambo la kawaida katika miji yetu mtu kumsema mwenziwe kwa ubaya, na akikatazwa hujibu: "Ulimi ni wangu, nasema nipendalo." Na mwengine akiuliza swali la haki msikitini, huambiwa: "Nyamaza, usilete fitina." Wa kwanza ameuchukua uhuru asiokuwa nao, na wa pili amenyimwa uhuru ulio wake. Basi katika somo hili twapenda kueleza uhuru huu ni upi katika dini yetu, na mpaka wake u wapi.

Ama kusema haki, katika Uislamu si ruhusa tu, bali ni wajibu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Aal-Imran, aya ya 104, liwepo kundi miongoni mwetu la kuamrisha mema na kukataza maovu. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, ametutaka tushuhudie kwa uadilifu, japokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Sayyidna Abubakar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliposhika ukhalifa mwaka 632, aliwataka watu wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akipotoka. Ikiwa Khalifa wa Mtume aliomba kunyooshwa, ni nani katika wasimamizi wetu aliye mkubwa hata asiulizwe?

Ama mpaka wa uhuru huu ni heshima ya watu. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, yatutaka tuithibitishe habari iletwayo na mtu fasiki kabla ya kuifuata. Na aya ya 12 imekataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Twajua yaliyompata Bibi Aisha. Alizuliwa uwongo, maneno yakazunguka Madina, mpaka ikateremka Surat An-Nur kumtakasa. Na walioyaeneza hawakuwa wanafiki peke yao. Walikuwamo na waumini waliochukuliwa na maneno ya watu. Katika sura hiyo, aya ya 4, mwenye kumsingizia zina mwanamke mwenye kujihifadhi asilete mashahidi 4, adhabu yake ni mijeledi 80, na ushahidi wake hukataliwa.

Huenda mtu akauliza: ikiwa kusengenya ni kumtaja mwenzio kwa asilolipenda, hata likiwa kweli, mwenye kudhulumiwa atashitakije? Jawabu ni kuwa wanavyuoni wamelieleza jambo hili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Riyadhus Salihin sababu 6 zinazohalalisha kumtaja mtu, na miongoni mwazo ni kushitaki dhulma, kutaka fatwa, na kuwaonya Waislamu na madhara. Hind binti Utba alimweleza Mtume, rehema na amani zimshukie, ubahili wa mumewe, wala hakukemewa. Na Fatma binti Qays alipotaka shauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume alimweleza wazi upungufu wa kila mmoja. Tuangalie: aliyeambiwa alikuwa ahusika na jambo lenyewe, na lililosemwa halikupita kiasi cha haja. Hiyo ndiyo mizani.

Sasa tuipeleke mizani hii mjini kwetu. Nyumba ya wakfu yakodishwa, na kodi yake ni ya msikiti. Muislamu akiuliza kodi hiyo ni kiasi gani na yatumika wapi, hakusengenya, kwani auliza amana ya umma. Na msimamizi mwaminifu swali hilo lamfaa, maana hisabu ikisomwa mbele ya watu, shaka humwondokea. Lakini muulizaji akitoka hapo akatangaza kuwa fulani ni mwizi, na hali hakuliona daftari wala hana shahidi, huyo amevuka mpaka. Kadhalika mwenye kupeleka kwa watu 100 ujumbe wa simu juu ya binti wa watu, wala hamjui aliyeuandika, asijitetee kuwa yeye amepokea tu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 33, imempa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo ikamtaka aheshimu haki na sifa za wenziwe. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya kumtia mtu jela kwa kosa la kumkashifu mwenziwe. Lakini aliyekashifiwa angali aweza kudai fidia mahakamani. Basi asidhani mtu kuwa mlango uko wazi.

Tena sheria za serikali hazifiki katika kila baraza. Surat Qaf, aya ya 18, yatukumbusha kuwa hapana neno litamkwalo ila yuko mwangalizi aliye tayari kuliandika. Tukiliamini hilo, tutaogopa kuzivunja heshima za watu majumbani mwao, wala hatutaogopa kuuliza mali ya Waislamu imekwenda wapi. Hivi sasa wengi wetu twafanya kinyume cha hayo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa haki, na moyo wa kuisikiliza.