SOMO LA KIINGEREZA: NENO "CASE" NA MAANA ZAKE

Tunawasalimu nyote, ninyi wa Lobule hapa Koboko, na wenzetu wa Rhino Camp na Imvepi, ambao wengi bado wanasema wako Arua ingawa siku hizi makao yao yamo katika wilaya mpya za Madi-Okollo na Terego.

Safari hii hatukuchagua neno gumu. Tumechukua neno la herufi 4 ambalo kila mtu hapa amelisikia, hata bibi ambaye hajakaa darasani siku moja. Neno lenyewe ni "case". Wengi wetu tunalitamka "kesi" na tunadhani tunalijua. Shida inaanzia hapo, maana Kiswahili kimechukua maana moja tu ya neno hili, ile ya mahakamani, na nyingine zote kimewaachia Waingereza. Kwetu sisi kesi ni mashtaka. Mtu mwenye kesi ni mtu aliyekamatika.

Chukueni mfano. Baba ameitwa ofisini. Mhudumu anatazama kompyuta, anamwambia: "Your case is closed." Baba hakuuliza kitu. Anarudi nyumbani kichwa chini, anamwambia mama watoto kwamba wamefungiwa, hawana tena lao hapa Uganda. Mama analia, majirani wanakuja na kukaa kama kwenye matanga. Kumbe kilichofungwa ni lalamiko lake la mwezi uliopita, kwamba jina la mtoto wake wa mwisho liliandikwa vibaya. Jina limesahihishwa, kazi imekwisha, lalamiko limefungwa. Ilikuwa habari njema! Mfano huu tumeutunga sisi wenyewe, lakini kila anayeishi katika makazi haya anajua kwamba unaweza kutokea hata kesho asubuhi.

Basi tulitazame neno lenyewe. Ndugu zetu waliosoma Kongo kwa Kifaransa watatusaidia. Kwa Kiingereza "case" linaonekana kama neno moja, lakini kwa asili ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakavaa nguo moja. La kwanza ni lile Wafaransa wanaloliandika "cas". Limetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, katika neno lenye maana ya kuanguka. Kitu kilichomwangukia mtu, yaani jambo lililompata. Ndiyo sababu daktari ana "case", hakimu ana "case" na ofisi ya wakimbizi ina "case": kila mmoja anashughulikia jambo lililompata mtu.

La pili ni lile Wafaransa wanaloliandika "caisse", yaani sanduku. Hilo nalo ni la Kilatini, lakini ni la ukoo mwingine. Kutoka huko Waingereza wamepata "suitcase", sanduku la nguo, na kreti ya soda nayo huitwa "case". Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili kina ndugu wawili wa neno hili. Kasha tulilipata kwa Wareno, na keshi, fedha taslimu, asili yake ni sanduku la kuwekea fedha. Kwa hiyo kasha na keshi ni watoto wa ukoo mmoja, wala kesi ya mahakamani si ndugu yao hata kama sauti zinakaribiana.

Na Wafaransa wanalo la tatu, "case", lenye maana ya kibanda. Mtu aliyesoma Kifaransa peke yake akiona karatasi imeandikwa "case" na namba mbele yake, asije akadhani amepewa namba ya nyumba.

Sasa twende hospitali. Nesi akisema kuna "cases" 30 za malaria, hajamshitaki mtu. Ana maana ya wagonjwa 30. Wakati wa korona, mwaka 2020, redio za Kiswahili zilitafuta neno la kutafsiri hapo, na nyingi zikasema "visa", yaani wingi wa kisa. Neno ni zuri, lakini masikioni mwa mkimbizi lina mtego, maana visa ni karatasi ya kusafiria pia. Mtu akisikia kwamba Kampala kuna visa vipya 20, anaweza kufunga mizigo! Sisi tunaona "wagonjwa" linatosha.

Katika ugonjwa wa Ebola neno hili lilikuwa na ngazi, na ngazi hizo zilikuwa na uzito. Mlipuko uliotangazwa Kongo mwezi wa 8 mwaka 2018 katika Kivu ya Kaskazini uliingia Ituri na haukutangazwa kwisha mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020. Katikati ya mwaka 2019 mgonjwa mmoja alithibitishwa Ariwara, mji wa soko ambao watu wa Arua na Koboko wanaujua vizuri. Wahudumu wa afya walitofautisha namna tatu. Anayeshukiwa ni mwenye dalili ambaye hajapimwa. Anayedhaniwa sana ni kama yule aliyefariki kabla ya kupimwa lakini alikuwa karibu na mgonjwa anayejulikana. Aliyethibitishwa ni yule ambaye damu yake imesomwa maabara. Zote tatu kwa Kiingereza ni "case". Halafu kuna mtu wa nne, aliyemgusa mgonjwa au kulala naye nyumba moja. Huyo si "case" kabisa. Anaitwa "contact", na huangaliwa kwa siku 21 kuona kama dalili zitatokea. Ukichanganya majina haya, jirani mzima ananyimwa maji kisimani kwa sababu ya neno moja, na mwenye homa anajificha asiandikwe. Tafsiri mbaya hapo inaweza kuua mtu.

Kwa polisi na mahakamani maana ndiyo ile tunayoijua, lakini hata hapo kuna hatua. Ukienda kituoni kuripoti wizi wa baiskeli, habari yako huandikwa kwanza katika kitabu cha matukio ya kituo, na unapewa namba inayoanza na herufi SD. Iandike uitunze, maana bila namba hiyo utaanza upya kila ukirudi. Polisi wakifungua jalada la kosa lenyewe, kuna namba nyingine, ya CRB. Kwa hiyo "nimeripoti" na "kesi imefunguliwa" ni hatua mbili. Tena aliyekamatwa ajue kwamba Katiba ya Uganda inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na kwamba dhamana ya polisi hailipiwi. Anayekuambia ulete fedha ya kumtoa ndugu yako hakuelezi sheria.

Sasa tufike penye moyo wa somo, ofisi za wakimbizi. Hapa neno moja linafanya kazi nne au tano kwa siku moja, wakati mwingine katika meza moja.

Kwanza, "case" ni familia. Watu walioandikishwa pamoja wana namba moja ya pamoja, na tena kila mtu ana namba yake mwenyewe. Baba, mama, watoto 5 na bibi ni watu 8, lakini ni "case" moja. Ukisikia kwamba "cases" 10 zimesafiri, usihesabu watu 10, wanaweza kuwa 50. Na kijana aliyeoa akitaka kujitenga na karatasi ya wazazi, anaomba "case" igawanywe. Hiyo si ugomvi na baba yake, ingawa tumesikia wazee wakilichukulia hivyo.

Uhakiki mkubwa wa mwaka 2018, ule wa alama za vidole na macho, uliofanywa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR, ulihesabu watu zaidi ya milioni 1 katika Uganda nzima. Jina la mtu asiyefika kwenye zoezi la namna hiyo linaweza kuwekwa kando katika kompyuta. Hapo nako utaambiwa kuna shida na "case" yako, na maana yake ni kwamba haukuonekana, na dawa yake ni kwenda kueleza kwa nini.

Pili, "case" ni ombi la kukubaliwa kuwa mkimbizi. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, maombi ya namna hiyo huamuliwa na kamati maalumu ya serikali. Aliyekataliwa ana haki ya kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa, na siku zake ni 30 tangu alipoarifiwa. Kwa huyu, kusikia neno hilo vibaya ni hatari ya kweli. Akidhani "closed" ni lalamiko la blanketi, atakaa nyumbani siku 30 zikapita.

Tatu, kuna "case" ya mtoto asiye na wazazi, ya mama aliyepigwa, ya mzee mgonjwa. Hii ina mhudumu wake anayeifuatilia, na ni ya siri. Mama akiambiwa ana "case" na mhudumu fulani, sisi majirani tusiseme ameshitaki mume wake. Huenda ni hivyo, huenda sivyo, na kwa vyovyote hatukuulizwa.

Nne, ile inayozungumzwa kuliko zote, safari ya kuhamia nchi ya tatu. UNHCR hupeleka jina, lakini nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Mwezi wa 1 mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kupimwa afya na kuuza vitu vyao walibaki. "Case" iliyosimama si iliyokataliwa, wala si iliyokubaliwa. Na iko namna moja ya watu wanaolipenda sana neno hili: wale wanaokuja jioni wakisema wanaweza "kusukuma case" kwa shilingi kadhaa. Hakuna meza yoyote ya UNHCR inayouza huduma, iwe kuandikishwa au kusafirishwa.

Kwa hiyo ukiambiwa lolote kuhusu "case" yako, kabla ya kufurahi au kulia, uliza maneno matatu: Ni ipi? Iko meza gani? Nifanye nini baada ya hapa? Uliza kwa adabu, omba mkalimani kama unahitaji, na omba uandikiwe.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Someni Matendo ya Mitume sura ya 24 hadi 26. Shauri lake lililetwa mbele ya Feliki, naye Feliki akaliahirisha. Biblia haifichi sababu: alitazamia kwamba Paulo angempa fedha, kwa hiyo akawa anamwita mara kwa mara kuzungumza naye. Miaka 2 ikapita. Feliki akaondoka katika kiti chake, na mfungwa akaachwa vilevile. Akaja Festo, akataka kumrudisha Yerusalemu, ambako watu walikuwa wanamngojea njiani wamwue. Paulo hakulia wala hakulipa. Alijua yeye ni raia wa Rumi, alijua meza iliyo juu ya ile, akakata rufaa kwa Kaisari. Baadaye Festo mwenyewe anahangaika mbele ya Agripa, kwa sababu hajui aandike nini juu ya mfungwa huyo. Anaona ni upuuzi kumpeleka mtu bila kutaja mashtaka yake. Hata ofisi kubwa inaweza kushika faili bila kujua lililomo.

Wasomaji wengine watauliza juu ya simu, maana simu nayo ina "case" yake, lile ganda la kuikinga. Hiyo ni ya ukoo wa sanduku. Na ukifungua barua pepe utaambiwa uweke herufi za "upper case" na "lower case". Wachapaji wa zamani walikuwa na herufi za risasi katika visanduku vya mbao. Herufi kubwa zilikaa kisanduku cha juu, ndogo cha chini, na majina yakabaki mpaka leo. Katika sarufi pia limo, lakini wanafunzi wa sekondari wataliona huko, tusiwachoshe wazee.

Limebaki moja dogo ambalo liko ukutani kwenye vituo vya afya: "in case of". Hapo hakuna sanduku wala mahakama. Maana yake ni "ikitokea". Ikitokea homa, mlete mtoto upesi.

Zoezi la vikundi. Andikeni sentensi hizi kwa Kiswahili bila kutumia neno "kesi" hata mara moja:

1. Two new cases of measles were found in our village.
2. Bring three cases of soda for the wedding.
3. In case I am late, start the prayer.
4. We are one case, but we are nine people.
5. Please, which case is closed?