Somo: Kuweka Waifai Nyumbani kwa Gharama Ndogo



Likizo ndefu inakaribia. Wengi wetu tutarudi nyumbani Kasese mjini, Kilembe, Hima, Bwera na Mpondwe, na kazi za wahadhiri tutarudi nazo. Chuoni kuna mtandao maktabani. Nyumbani kuna simu moja, bando dogo la siku, na wadogo zetu wanaoiomba simu hiyohiyo. Tulionja hali hii kwa muda mrefu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Aliyekuwa na intaneti nyumbani aliendelea kusoma kidogo, na asiyekuwa nayo alibaki nyuma.

Somo hili ni kwa anayeanza. Si lazima uwe mwanafunzi wa kompyuta ili ulielewe. Mwisho wake inshaAllah utaweza kuchagua kifaa, kukiweka mahali panapofaa, kukifunga kwa nenosiri, na kupanga gharama na wenzako bila ugomvi.

1. Waifai si intaneti

Wengi huchanganya mambo haya mawili. Uganda haina bahari. Intaneti yetu hutoka hasa kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, kama SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Kutoka pwani hupita nchi kavu hadi Kampala, kisha hufika kwenye minara ya simu ya kwetu. Waifai ni ile hatua ya mwisho tu, kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au kompyuta yako, mita chache ndani ya nyumba.

Faida ya kujua hili ni kutambua hitilafu iko wapi. Ukiona alama ya waifai imejaa lakini ukurasa haufunguki, ruta inaongea na simu yako vizuri. Tatizo liko kati ya ruta na mnara, au bando limekwisha, au liko mbali zaidi. Mei 2024 nyaya mbili za baharini ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukapungua kasi Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo hata ukinunua ruta mpya hutapata nafuu.

2. Pima kabla ya kununua

Usinunue kifaa kwa sababu rafiki yako wa Kampala anacho. Pima kwanza nyumbani kwenu. Azima laini za kampuni mbalimbali, uziweke kwenye simu moja, moja baada ya nyingine. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, kisha sehemu ya taarifa za simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi ikiandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa, kama -85 au -112. Namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora. Kwa 4G, -90 ni nzuri, -100 inatumika, na ikipita -110 utasumbuka.

Pima mahali pengi: chumbani, sebuleni, uani, karibu na dirisha. Pima asubuhi, kisha pima saa mbili usiku watu wengi wakiwa mtandaoni. Andika kila namba kwenye karatasi.

Milima ya kwetu ina hukumu yake. Mawimbi ya 4G hupenda njia iliyonyooka. Aliye kwenye tambarare ya Kasese mjini huenda akaona mnara kwa macho. Aliye bondeni Kilembe, kandokando ya mto Nyamwamba, au nyuma ya kilima huko Bwera, anaweza kuwa karibu na mnara na bado asipate kitu kwa sababu kilima kimeziba. Ndiyo maana kampuni inayosifiwa mjini inaweza kuwa mbaya kijijini kwenu.

Walio Mpondwe na vijiji vya mpakani wana jambo la ziada. Simu huweza kushika mtandao wa upande wa Kongo, na bando la Uganda likawa halifanyi kazi au salio likaliwa haraka. Zima data ya nje ya nchi, kisha kwenye orodha ya mitandao chagua mwenyewe kampuni yako ya Uganda badala ya kuiachia simu ichague. Ruta pia ina mpangilio huo.

3. Chagua kifaa

Kuna njia tatu, kuanzia ya bei ndogo.

Ya kwanza ni simu yenyewe. Washa hotispoti, na kompyuta yako itaingia mtandaoni. Hakuna cha kununua. Kasoro yake ni kwamba simu hupata moto, betri huisha, na mwenye simu akitoka na mtandao umetoka. Kama ni wewe peke yako, anzia hapa. Simu ya zamani iliyovunjika kioo lakini inawaka yaweza kufanya kazi hii vizuri.

Ya pili ni modemu ndogo ya mfukoni yenye betri yake. Hutoa waifai kwa watu kadhaa na huendelea kwa saa chache umeme ukikatika. Inamfaa anayehama kati ya chuo na nyumbani.

Ya tatu ni ruta ya 4G ya kukaa mezani. Inaingizwa laini kama simu, na hutoa waifai kwa nyumba nzima. Nyingi zina tundu la kuunganisha antena ya nje, jambo linalosaidia sana maeneo ya milima. Inafaa familia, au wanafunzi wanne waliopanga pamoja.

Ukinunua iliyotumika, uliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Je, imefungwa kwa kampuni moja? Iliyofungwa haitakubali laini nyingine. Je, chaja yake ni ya asili? Soma volti zilizoandikwa kwenye ruta na kwenye chaja, zifanane. Je, inawaka na kushika 4G? Weka laini yako uijaribu hapohapo dukani.

4. Mahali pa kuiweka

Iweke ruta pale namba zako za hatua ya pili zilipokuwa bora. Mara nyingi ni karibu na dirisha linalotazama upande wa mnara, juu ya kabati. Mabati hurudisha mawimbi, na ukuta mnene wa matofali huyapunguza. Usiifiche nyuma ya friji wala ndani ya kabati la chuma.

Ruta nyingi hutoa waifai ya aina mbili. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 ina kasi zaidi lakini huchoka haraka ikikuta ukuta. Mwenye kusoma chumba cha mbali atumie 2.4. Aliye sebuleni karibu na ruta atumie 5.

5. Funga mlango

Ruta mpya huja na jina na nenosiri vilivyobandikwa chini yake. Unganisha simu yako, fungua kivinjari, kisha andika anwani iliyo kwenye kibandiko hicho. Mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Ukiingia, fanya haya kwa mpangilio:

- Badilisha nenosiri la msimamizi. Hili ni tofauti na la waifai.
- Badilisha nenosiri la waifai. Liwe na herufi 12 au zaidi, si namba ya simu wala jina la mtaa.
- Kwenye usalama chagua WPA2 au WPA3.
- Zima WPS, maana ni njia ya mkato ambayo wezi huijua.
- Kama ipo, washa waifai ya wageni, ili mgeni asihitaji nenosiri lenu.

Kuna hatua moja zaidi inayozisaidia nyumba zenye watoto. Kwenye sehemu ya DNS, andika 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Hii ni huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti nyingi za uchafu na za virusi kwa kila kifaa kilichounganishwa. Haizuii kila kitu, na haichukui nafasi ya malezi, lakini inapunguza mtihani.

6. Umeme

Ruta ya mezani hutumia umeme kidogo, karibu wati 10. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Ili isife mapema, tumia nusu yake tu, yaani 42. Gawanya kwa 10, utapata kama saa nne. Ruta nyingi hutumia volti 12, hivyo betri ndogo kama hiyo inayochajiwa na sola huweza kukuvusha jioni nzima. Mvua kubwa ya radi ikianza, chomoa chaja ukutani na antena ya nje kama ipo.

7. Hesabu ya bando

Kampuni huandika kasi kwa megabiti, lakini bando kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Video ya ubora wa kawaida hutumia karibu megabiti 1 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni megabiti 3,600. Gawanya kwa 8, utapata megabaiti 450.

Tuchukulie wanafunzi wanne, kila mmoja akitazama mihadhara saa 2 kwa wiki. Hizo ni saa 8, yaani gigabaiti 3.6. Ongeza megabaiti 200 kila siku kwa kusoma na barua pepe za wote, ambazo kwa wiki ni gigabaiti 1.4. Jumla ni gigabaiti 5 kwa wiki, au 20 kwa wiki nne. Sasa linganisha: bando moja la mwezi la pamoja, au mabando madogo ya siku ya watu wanne? Fanya hesabu kwa bei za leo za kampuni yako, ugawe shilingi kwa gigabaiti. Mara nyingi bando kubwa hushinda.

Kumbuka pia kwamba kodi imo ndani ya bei. Tangu Julai 2021, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa, na mahali pake ikaja kodi ya 12% juu ya data, pamoja na VAT ya 18%. Bando ambalo lingekuwa 10,000 huwa 11,200, kisha VAT hulifikisha 13,216. Kila gigabaiti unayopoteza ovyo umeilipia kodi pia.

Inapotea wapi? Zima upakuaji wa video wa WhatsApp unaojiendesha wenyewe. Kwenye Windows, iweke waifai yenu kuwa yenye kipimo ili masasisho yasishuke bila kuulizwa. Pakua mihadhara ukiwa chuoni, uje nayo kwenye fleshi. Tahadhari hii si ya kuokoa pesa tu. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na vitabu ndani ya kompyuta yake aliendelea kusoma.

8. Ushirika na amana

Ruta ya pamoja ni ushirika wa mali, na huharibika kama ushirika mwingine wowote, kwa maneno yasiyoandikwa. Surat al-Baqara, aya ya 282, imetuagiza kuandika deni la muda maalumu. Basi andikeni, hata kama ni ukurasa mmoja: ruta ni ya nani, kila mmoja alitoa kiasi gani, bando hulipwa tarehe ngapi, na anayehama anarudishiwa nini. Ndugu wawili wanaweza kukosana miaka kwa shilingi elfu ishirini ambazo karatasi moja ingezimaliza.

Anayeshika nenosiri la msimamizi ameshika amana. Anaona vifaa vilivyounganishwa, na baadhi ya ruta huonyesha hata tovuti. Surat al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza kupelelezana. Kazi yake ni kulinda bando, si kuchungulia siri za wenzake.

Na jirani je? Tumefundishwa katika Surat an-Nur, aya ya 27, tusiingie nyumba za watu bila idhini. Kutumia waifai ya jirani kwa nenosiri la kuibia ni kula alicholipia. Lakini ukiweza, mpe mtoto wa jirani anayejiandaa kwa mtihani saa moja jioni kupitia waifai ya wageni. Bando halitakwisha kwa hilo, na elimu aliyopata ina sehemu yako.

Maswali ya kujadili kwenye halaqa

1. Nyumbani kwenu, ni kampuni gani ilitoa namba bora, na saa ngapi?
2. Mwenzenu mmoja anatazama mpira na kumaliza bando tarehe 20. Mkataba wenu unasemaje?
3. Mzazi hataki waifai nyumbani kwa hofu ya uchafu. Utamweleza nini, na utamwonyesha nini kwenye ruta?

Njooni na majibu yaliyoandikwa. Aliyeshapima kijijini kwao alete karatasi yake, ili tukusanye namba za Kasese hadi Mpondwe na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wasianze gizani.

Wabillahi tawfiq.